Mama Uji, Dawa ya Meno ya Dada na Maji ya Saba

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Mama Uji tayari ana chakula motoni.

Hapiki kwa sufuria. Mbele yake ipo chupa nene ya kioo ya lita mbili, na ndani yake kinachemka kitu cha rangi ya chai iliyopungua majani. Anaizungusha taratibu kwa mikono miwili iliyovaa glavu za kuzuia joto, lakini jicho lake moja haliko kwenye chupa. Liko kwenye kabati la chuma lililo pembeni ya ukuta, lenye mlango wa kioo na taa ndogo ya kijani.

"Usinitazame hivyo," analiambia kabati. "Saa tatu ndiyo saa tatu. Hata nikikufungua sasa hivi, hutanipa kitu."

Ndani ya kabati hilo, lenye joto sawa na la mwili wa binadamu, vimelala visahani ishirini na saba vyenye vifuniko. Bakteria wa mdomoni wamepandwa humo tangu jana, na katikati ya kila kisahani pamewekwa tone la dawa ya meno, isipokuwa vitatu vyenye tone la maji. Saa tatu vitatolewa, na hapo itajulikana kama dawa ya mitishamba anayotengeneza dada yake Mama Uji inaua bakteria kweli, au inanukia vizuri tu.

Jibu hilo liliwahi kutoka wiki tatu zilizopita, tena lilikuwa tamu ajabu. Aliyelifuta ni Mama Uji mwenyewe. Tangu siku hiyo dada yake hajapokea simu yake.

"Leo moyo wangu unaruka kama samaki kwenye beseni," anasema, huku akicheka na kujifuta jasho kwa kiwiko. "Nimeamka saa tisa usiku. Mume wangu ameniambia, 'Wewe mwanamke, hata kama ni bakteria, waache basi walale.'"

Mama Uji ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na tisa ameosha vyombo vya kioo katika maabara hii ya chuo na kupika kile kinachoitwa chakula cha bakteria. Ni mchanganyiko wa maji, virutubisho na unga wa mwani. Ukichemshwa na kumiminwa kwenye visahani huganda, ukawa laini na unaong'aa, na bakteria wakiwekwa juu yake hula, huzaana na kujaa kisahani kizima.

Jina la Mama Uji alipewa na wanafunzi, na mwanzoni alinuna. Siku hizi ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa anachelewa kugeuka.

"Nimewapikia wageni wasioonekana miaka yote hii," anasema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika chumvi."

Kazi yake haina sifa. Mshahara haujapanda kwa miaka sita, na vidole vyake vimekauka na kupasuka kwa sababu ya sabuni. Utafiti ukifanikiwa hapigwi picha. Lakini waulize wanaofanya kazi humu, watakwambia kwamba chombo kilichopita mikononi mwa Mama Uji unaweza kukiamini macho yakiwa yamefumbwa.

Siri yake ni maji saba.

Kila chupa ikishalala kwenye sabuni kali ya kuua vijidudu, anaisuuza mara saba: mara tatu kwa maji ya bomba, mara nne kwa maji safi ya maabara yaliyopatikana kwa mvuke. Haipungui hata moja. Anahesabu kwa sauti, na wakati wa kuhesabu hasemeshwi na mtu. Hata mkuu wa idara akipita anajua kwamba salamu itajibiwa baadaye. Wanafunzi wapya huonywa siku ya kwanza: ukimkuta Mama Uji kwenye sinki, pita kimya kama uliyekosea nyumba.

"Sabuni hii haina huruma," anaeleza. "Inaua kila kijidudu inachokigusa. Sasa ikibaki kwenye chupa, halafu mtu akaja kupima dawa yake kwenye chupa hiyo, utajuaje kama aliyeua ni dawa au ni sabuni?"

Ukimsikia akilisema hilo leo, sauti inashuka kidogo. Ndilo lililomkuta.

Dada yake ni mkubwa wake kwa miaka tisa, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni, akamfundisha kusoma kwa kumwandikia herufi sakafuni kwa mkaa, na akaacha shule ili mdogo wake aendelee. Mama Uji akimtaja huweka mkono kifuani.

Dada huyo aling'olewa meno manne kabla ya kufika miaka hamsini. Kwa uchungu wa kiti cha daktari wa meno na kwa aibu ya kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, akaanza kutwanga. Alichukua majani ya mwarobaini na ya mpera, akayakausha, akayachekecha kwa kitambaa mara mbili. Akaongeza karafuu, chumvi na unga laini wa chokaa, akavikanda kwa gliserini ya duka la dawa mpaka vikawa uji mzito wa kijani kibichi. Alipoanza kuutumia, fizi ziliacha kutoka damu. Jirani akaomba, jirani wa jirani akaomba, na sasa ni miaka kumi na miwili anauza kwenye vikopo vyenye mfuniko mweupe.

"Dawa ya dada ni chungu mpaka unawakumbuka wazee wako wote," anasema Mama Uji. "Lakini ukishasukutua, mdomo unakuwa kama chumba kilichofunguliwa madirisha."

Kwa miaka yote hiyo dada alikuwa na ndoto moja: rafu. Mwenye maduka matatu ya dawa mjini alimpa jibu moja kila alipomwendea. Lete karatasi ya maabara inayoonyesha dawa yako inafanya kazi, nami nitakupa rafu nzima katika kila duka. Bila karatasi, mama, hii ni majani tu.

Kwa hiyo maabara ilipotangaza kwamba inatafuta dawa za meno za kupima, za mitishamba na za kawaida, Mama Uji alikimbia mwenyewe kumpelekea dada habari. Hakusubiri hata kuvua koti la kazi.

Utafiti unaongozwa na mwanasayansi mwanamke wa miaka thelathini na sita anayeitwa na wote Dokta. Ni mwembamba, anaongea haraka, na kalamu yake hukaa nywelani mpaka aisahau. Alipoambiwa kwamba moja ya dawa hizo ni ya dada wa mwosha vyombo wake, aliweka sharti papo hapo.

"Nilimwambia, 'Mama yangu, nakuamini, lakini hivyo vikopo hutavigusa hata kwa kidole,'" anasimulia Dokta. "Vikapewa namba, majina yakafungiwa kwenye bahasha. Yeye kazi yake ikabaki kupika na kuosha. Nikajiona nimeziba kila tundu."

Dawa zilikuwa nane: sita za mitishamba na mbili za kawaida za dukani. Kila moja ilikorogwa na maji safi kwenye chupa yake ndogo, kisha tone lake likawekwa katika kishimo kilichotobolewa katikati ya chakula cha bakteria. Mantiki yake hata mtoto ataielewa. Dawa ikiwa na nguvu, bakteria wanaoizunguka hufa, na pale hubaki duara angavu lisilo na kitu. Duara hupimwa kwa rula. Likiwa pana, dawa ni kali. Lisipokuwepo, dawa ni manukato.

Kulikuwa pia na kishimo cha tisa chenye maji matupu. Mama Uji anakiita "shahidi". Maji hayaui bakteria, kwa hiyo duara likionekana kwenye maji, ujue kuna uongo umeingia mahali.

Siku ya kuosha chupa za utafiti huo, Mama Uji alikuwa kwenye maji ya tatu. Trei ilikuwa na chupa kumi na mbili. Simu ikalia mfukoni, na kioo chake kikaonyesha kwamba anayepiga ni dada.

"Sijawahi kupokea simu kwenye sinki. Miaka kumi na tisa!" anasema, akipiga ukingo wa sinki kwa kiganja. "Lakini siku ile nilijua ametoka kuonana na mwenye maduka. Nikapokea kwa bega. Dada anapiga kelele kule, 'Amekubali! Safari hii ametia sahihi: akiona karatasi tu, rafu ni yangu!' Na mimi huku nikapiga vigelegele, povu mpaka kwenye nywele."

Walipomaliza kuongea, Mama Uji alikuwa na furaha ambayo haikumwachia nafasi ya kitu kingine. Akaichukua ile trei, akaipeleka kwenye tanuri la kukaushia, akaendelea na kazi huku akiimba.

Matokeo yalipotoka, maabara ilizizima. Kikopo namba tano kilikuwa na duara la milimita ishirini na nne, pana kuliko yote, kuliko hata dawa za dukani. Bahasha ikafunguliwa. Namba tano ni dada.

Mama Uji alicheza mpaka kofia ya kazi ikadondoka. Dokta akamkumbatia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema, na jioni ile sifa zilikuwa nyingi. Kufikia kesho yake, dada alikuwa amechapisha lebo mia sita zenye maandishi ya dhahabu: YA KWANZA MAABARA.

Siku mbili baadaye, Mama Uji akiwa anakusanya vyombo, alimsikia Dokta akisoma orodha kamili kwa mwenzake kwenye simu. Dawa ya mkaa: milimita kumi na nne.

Akasimama pale pale na visahani mikononi.

Dawa ile ya mkaa, mojawapo ya zile sita za mitishamba, anaijua. Ilipimwa mwaka jana na haikutoa duara kabisa, bakteria waliizunguka kana kwamba wamealikwa. "Nikajiuliza, mkaa huu umeota meno lini?" anasema. "Kikopo ni kile kile, bakteria ni wale wale, chakula nimepika mimi. Kilichobadilika ni nini?"

Kisha akaikumbuka simu.

Kati ya chupa kumi na mbili za trei ile, nane zilitumika kwa dawa. Nne zilibaki rafuni, zimekauka, zinang'aa, hazijaguswa. Mama Uji akafunga mlango. Akachukua moja, akatia maji kidogo, akaitikisa.

Povu likapanda mpaka shingoni.

Akatikisa ya pili, nayo ikatoa povu. Ya tatu hakuweza. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, chupa ikiwa mapajani, akalia.

Mambo yalikuwa wazi kama mchana. Chupa zote nane zilikuwa na sabuni, kwa hiyo dawa zote nane zilisaidiwa kuua, mkaa ukiwemo, na ya dada pia. Shahidi naye hakuona kitu, kwa sababu maji yake yalichotwa moja kwa moja kutoka kwenye pipa bila kupitia chupa yoyote. Dokta aliziba kila tundu isipokuwa lile la sinki.

Na hakuna mtu mwingine aliyejua. Angeweza kuzisuuza zile chupa nne na kwenda zake. Karatasi ilikuwa imeshaanza kuandikwa.

Alimwambia mumewe jioni ile. Mumewe ni fundi mwashi, mtu wa maneno ya kuhesabu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Ukuta ukipinda chini, huunyooshi juu," akamwambia. "Unaubomoa. Inauma, lakini unaubomoa."

"Na dada?" akauliza Mama Uji.

"Dada yako utamwambia mwenyewe. Hilo mimi siingii, nampenda lakini namwogopa."

Asubuhi yake Mama Uji aliingia ofisini kwa Dokta na zile chupa mbili za mwisho alizokuwa hajazitia maji. Alikuwa amekariri maneno tangu nyumbani, yote yakapotea. Akaziweka mezani, akasema, "Tia maji, Dokta. Tikisa."

Dokta akatikisa. Povu likapanda kama jana yake.

"Nilidhani nimefukuzwa kazi," anasema Mama Uji. "Dokta akachukua daftari, akapiga mstari mwekundu ukurasa mzima, kuanzia juu mpaka chini. Kisha akainua uso, nikaona anatabasamu! Nikasema, Mungu wangu, nimemtia mtoto wa watu kichaa."

Dokta mwenyewe anakiri kwamba kazi ya mwezi mzima ilimuuma kuifuta. Lakini mkaa ule ulikuwa umemnyima usingizi naye. "Siku mbili nilikuwa najiuliza nimekosea wapi," anasema. "Ningeipeleka karatasi ile na mtu mwingine akarudia kipimo, ningeumbuka mbele ya dunia. Mama Uji aliniletea jibu kwenye chupa mbili."

Walikubaliana kurudia kila kitu upya, kwa namba mpya. Ndipo Mama Uji aliponyoosha mkono kama mwanafunzi, akatoa pendekezo ambalo sasa limebandikwa ukutani.

"Nikasema, na shahidi naye aogeshwe kama wenzake. Maji ya shahidi yapite kwenye chupa niliyoosha mimi. Nikikosea tena, anitaje."

Kumweleza dada kulikuwa kibarua kingine. Alikwenda mwenyewe, akamkuta anabandika lebo za dhahabu, vikopo vimejaa meza na kitanda. Dada alimsikiliza mpaka mwisho bila kuweka kazi chini. Akabandika lebo moja zaidi, akainyoosha kwa kidole gumba.

"Nilikubeba mgongoni," akasema. "Umeniua kwa mkono ule ule niliokufundisha kushikia kalamu."

"Dada, ile sabuni..."

"Nenda kaoshe vyombo vyako."

Siku kumi na sita zimepita tangu wakati huo. Mama Uji anapiga simu kila jioni, inaita, inakata; siku na saa ya majibu mapya amemwachia kwa ujumbe. Anasema kwamba angekuwa ameibiwa au ameugua, angevumilia vizuri zaidi.

Saa tatu kasoro dakika tano, kwenye korido ya maabara vinasikika viatu. Mwanamke mrefu mwenye kilemba cha bluu anakuja akiwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. Anasimama nje ya mlango wenye kioo. Hasalimii mtu. Haingii, kwa sababu wageni hawaruhusiwi, lakini paji la uso limegusa kioo.

Mama Uji anamwona. Anaiweka chupa chini haraka.

"Amekuja," ananong'ona. "Jamani, dada amekuja."

Dokta anafungua kabati. Anabeba visahani vitatu vitatu na kuvipanga juu ya karatasi nyeusi ili maduara yaonekane vizuri. Mama Uji anarudi nyuma mpaka mlangoni, mikono mgongoni, kama sharti linavyotaka. Sasa dada wawili wametenganishwa na kioo tu, mmoja ndani, mmoja nje, wote wanatazama upande mmoja.

"Tunaanza na shahidi," anasema Dokta.

Mama Uji anafumba macho. Dokta anainua kisahani cha kwanza kwenye mwanga, cha pili, cha tatu. Bakteria wamejaa mpaka ukingoni mwa kishimo.

"Sifuri. Sifuri. Sifuri. Shahidi ni msafi."

"Asante!" Mama Uji anaruka. "Maji saba hayo!"

Dokta anacheka, anaendelea. Namba moja, milimita tisa. Namba mbili, milimita kumi na nane. Anaandika. Namba tatu, kumi na saba. Namba nne, kumi na moja. Namba tano, saba. Namba sita, anageuza kisahani, anakigeuza tena. "Sifuri. Huyu nahisi namjua." Namba saba, nane.

Namba nane. Rula inatulia juu ya kioo.

"Kumi na sita," anasema Dokta. Anachukua kisahani cha pili. "Kumi na sita." Cha tatu. "Kumi na saba. Wastani, kumi na sita na ushei."

Hakuna anayejua bado nani ni nani. Dokta anachana bahasha, na kalamu inadondoka kutoka nywelani. Anasoma kimya kwanza, jambo ambalo Mama Uji anasema hatamsamehe mpaka kiama.

"Namba mbili na namba tatu ni zile za kawaida za dukani. Namba sita, kama nilivyohisi, ni mkaa." Anainua macho. "Namba nane ni dada."

Kinachofuata si rahisi kukiandika kwa utulivu. Mama Uji anapiga vigelegele ambavyo vinawatoa watu kwenye vyumba vya jirani. Anapiga makofi, anazunguka, anamkumbatia Dokta na rula yake. Ya tatu kwa zote, nyuma ya dawa za kiwandani kwa milimita moja na mbili tu! Ya kwanza kwa mitishamba, tena kwa mbali! Na safari hii hakuna sabuni iliyomshika mkono.

Anavuta mlango na kutoka koridoni. Halafu anakumbuka kwamba wamegombana, na miguu inasita.

Dada anamtazama kutoka juu mpaka chini. Amesikia vigelegele, lakini namba hazikumfikia.

"Ulisuuza mara ngapi?" anauliza.

"Saba, dada."

"Kwa kuhesabu?"

"Kwa kuhesabu, kwa sauti. Simu niliifungia kabatini. Waulize."

"Basi niambie. Ukisema sasa, nitaamini."

Mama Uji anamwambia. Kumi na sita na ushei, ya tatu kwa zote, ya kwanza kwa majani. Dada anaegemea ukuta, mkoba unateleza mpaka sakafuni. Kisha anacheka, cheko kubwa la kutoka tumboni, na kwa mara ya kwanza hazibi mdomo. Mapengo yote manne yanaonekana. Anamvuta mdogo wake, wanashikana, wanayumba, na haijulikani ni nani anayemshikilia mwenzake.

"Nisamehe," anasema dada ndani ya bega la koti la kazi. "Lebo zile zilinipofusha."

"Umezifanyaje?"

"Nimezibandika kwenye ndoo ya kuku. Kuku wangu ni wa kwanza maabara."

Dokta anawaacha wacheke kwanza, kisha anawaeleza kwa lugha nyepesi kile ambacho karatasi itasema na kile ambacho haitasema. Dawa hii inazuia bakteria wanaokula sukari na kutema asidi inayotoboa meno. Imethibitika kwenye kisahani. Lakini kisahani si mdomo. Mdomoni kuna mate, kuna ulimi, kuna chai yenye sukari kila baada ya saa mbili. Hatua inayofuata ni kuwapa watu arobaini waitumie kwa mwezi mzima, kisha bakteria wao wahesabiwe.

"Na tena hizi za mitishamba si ndugu moja," anaongeza. "Mmeona wenyewe. Nyingine ina nguvu, nyingine ni sifuri tupu. Mtu asidanganyike na picha ya jani kwenye boksi."

"Nipe mimi niwe mtu wa kwanza kati ya hao arobaini," anadakia Mama Uji.

"Wewe hapana, mama yangu. Wewe ni ndugu."

"Haya. Basi nitaosha chupa."

Hiyo ndiyo mipango yake, na anaitaja kwa msisimko wa msichana aliyepata kazi jana. Amebakiza miaka sita astaafu. Kabla ya hapo anataka kila mwanafunzi anayeingia maabara asimame naye kwenye sinki wiki moja, ahesabu kwa sauti mpaka saba, bila simu. Dokta ameshakubali, na karatasi ya utafiti itakuwa na jina lake halisi kwenye shukrani. Mama Uji ameomba jina la utani liongezwe pembeni, ili wanaomjua wajue.

Mwenye maduka ya dawa amepigiwa simu pale pale koridoni. Amesema apelekewe nakala, rafu ipo. Dada ameshika kalamu ya Dokta na mgongo wa bahasha iliyochanwa, anachora lebo mpya. Safari hii hakuna dhahabu. Mama Uji anachungulia juu ya bega lake.

"Andika ya kwanza kwa mitishamba," anamshauri. "Hilo ni kweli kabisa."

Dada anatikisa kichwa. Anaandika polepole, kwa herufi zile zile kubwa alizowahi kuandika sakafuni kwa mkaa ili mtoto asome, kisha anamgeuzia mdogo wake bahasha.

Imeandikwa: *Milimita kumi na sita. Imepimwa mara mbili.*